Nani Kapika? Sinema za Kitaliano na Sahani ya Tambi

Hadithi nyingi za sisi vijana, hata baadhi ya zile zilizotoka katika kurasa hizi hizi, zina ugonjwa mmoja ambao shuleni hatukufundishwa kuutaja. Watu wanakula lakini hakuna anayepika. Shujaa anabisha hodi, anakaribishwa pilau, anakula, ananawa, na mazungumzo ya mapenzi yanaendelea. Nani kachambua mchele? Nani kakaa na moshi tangu alasiri? Mwandishi hana habari naye. Kidato cha nne tulipigishwa fani na maudhui mpaka tukakariri: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Sufuria haikuwemo. Nami nina riwaya mkononi, haijaisha, na mhusika wake mkuu ni mpishi. Kwa hiyo jambo hili linanikera pengine kuliko linavyomkera mwenzangu.

Dawa yake, kwa upande wangu, nimekwenda kuitafuta mbali kidogo: katika sinema za Kitaliano. Ndugu msomaji, usicheke. Nyumbani kwetu Malindi, Jumamosi usiku tunaangalia sinema ya Kitaliano, au ya Wamarekani wenye asili ya Italia, na usiku huo chakula ni tambi. Najua desturi hii inapendwa na watu wengi huko duniani. Wanatandika kitambaa cha mirabaraba, wanawasha mshumaa, wanaweka filamu, na wanasema eti chakula kinaitia sinema ladha. Mimi sina shida na mshumaa (stima ikikatika twauwasha na sisi), lakini nadhani hao wamelishika jambo kwa mkia. Chakula kinaipima sinema, wala hakiitii ladha. Ukiwa unakula kile kile kinacholiwa kwenye kioo, unajua upesi kama aliyeitengeneza filamu ile aliwahi kushika mwiko, na kama aliwahi kulala njaa.

Na kwetu Malindi huku si kuiga. Wataliano walitujia na mradi wao wa San Marco miaka ya sitini. Tarehe 26 Aprili 1967 walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini, katika Ghuba ya Ungwana. Baadaye zikaja hoteli na majumba ya kifahari, na leo hapa mjini utamkuta muuza vinyago au mpishi anaongea Kitaliano vizuri bila ya kukanyaga darasa lolote. Shangazi yangu ni mmoja wao. Alipika miaka kumi na tisa katika jumba moja la wageni. Meza aliyoiandaa hakuikalia hata siku moja. Alikula jikoni, wima, kilichobaki. Hayo huyasema kama anayetaja bei ya nyanya. Yeye ndiye mhakiki mwenzangu wa Jumamosi, na mara nyingi hucheka kabla ya maandishi ya tafsiri kutokea chini ya picha.

Tambi zenyewe si ngeni pwani. Ila zetu ni zile nyembamba, unazikaanga zigeuke rangi, unatia sukari, iliki na zabibu, na mwezi wa Ramadhani hazikosi. Ndugu zetu Wasomali, waliotawaliwa na Wataliano sehemu kubwa ya nchi yao, wamezichukua zile za chumvi, wakaziita baasto, wakazila na ndizi mbivu pembeni. Mtaliano akiona ndizi atashika kichwa. Ashike tu, chakula kikishavuka bahari hakina tena mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye sinema zenyewe. Nianze kwa kuziondoa njiani zile ambazo wengi huzikumbuka kwanza: filamu za ng'ombe na bastola ambazo Wazungu huziita za spageti. Jina lilikuwa la kejeli, kwa kuwa watengenezaji wake walikuwa Wataliano kina Sergio Leone, tambi hutaiona. Njaa utaiona. Katika Lo chiamavano Trinità (1970) Terence Hill anamaliza sufuria zima la maharagwe, anafuta na mkate, na baba zetu waliowahi kuikuta katika majumba ya sinema wanaikumbuka sehemu hiyo kuliko risasi zote. Basi, tuendelee.

Filamu ambayo kila mwandishi wa hadithi angepaswa kuiona na sahani mkononi ni Miseria e nobiltà, ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Mario Mattoli kutokana na mchezo wa kuigiza wa Eduardo Scarpetta wa karne ya 19. Mahali ni mji wa Napoli. Familia mbili maskini zinabanana katika nyumba moja, hawana hata kipande cha mkate, na Totò ndiye Felice, mwandishi wa barua za watu wasiojua kusoma. (Mwandishi mwenye njaa: hapo mimi nilikaa vizuri kitini.) Mwenzake anamtuma akaweke koti kuukuu rehani, kisha akanunue chakula. Orodha ya vitu inaanza. Spageti, tena za aina fulani, soseji, mayai, inaendelea na kuendelea, na kila kitu kinatajwa kitakavyochaguliwa na kitakavyopikwa, mpaka unaanza kuuliza hilo koti ni la mfalme gani. Bila shaka koti halina thamani hiyo. Wameila karamu nzima kwa mdomo mtupu.

Angalia ufundi wa hapo. Mwongozaji hakukimbilia mezani. Ametupa kwanza njaa, akaipa nafasi ya kugombana, kutukanana na kunuka. Halafu akatupa chakula cha maneno. Na matumbo yetu yalipokwisha kuchoka ndipo mlango unafunguka, wanaingia wapishi na bakuli kubwa la spageti linalofuka moshi. Wanaliweka mezani na kuondoka. Ule ukoo wote unakaa kimya. Wanavuta viti polepole, kwa adabu, kana kwamba bakuli litakimbia. Kisha wanalirukia. Hakuna uma wala sahani, ni mikono tu. Totò anapanda juu ya meza, anacheza, na huku anacheza anajaza tambi kwenye mifuko ya koti.

Mara ya kwanza mimi nilicheka mpaka machozi. Shangazi hakucheka. Alisema, "Huyo anayetia mfukoni si mlafi, mwanangu. Keshapiga hesabu ya kesho." Nimesoma mahali pengi kuwa hiki ni kichekesho, nami sibishi, lakini baada ya maneno yale siwezi tena kuitazama mifuko ya Totò kama kichekesho peke yake. Alama ya umaskini katika hadithi zetu siku zote ni viraka na machozi. Mfuko uliojaa tambi za moto ni alama kubwa zaidi, kwa sababu unamchoma mwenye nao.

Kuna jambo jingine ambalo wasifuji wa filamu hii hulipita haraka. Chakula kile kimetumwa na kijana wa kikabaila anayetaka kumwoa msichana Gemma (ni Sophia Loren, bado kijana kabisa), na kwa kuwa jamaa zake mwenyewe hawakubali ndoa hiyo, anawakodi hawa wenye njaa waigize kuwa ndio ukoo wake mtukufu. Na baba wa msichana ni nani? Ni mpishi. Mpishi aliyetajirika, anayetetemeka kwa furaha kwamba watu wa ukoo wa kikabaila watakaa mezani kwake. Yaani hadithi nzima imezunguka ikarudi jikoni. Hapo nikamwuliza shangazi kama anamwamini mpishi tajiri namna ile. Akasema anamwamini, ila jumba lake ni safi mno. Mpishi wa kweli angekwenda kunusa sufuria hata siku ya harusi ya bintiye.

Kwa filamu hii pika spageti za nyanya basi, bila madoido. Lita moja ya maji kwa kila gramu 100 za tambi, chumvi ya kutosha, na usizivunje. Shangazi havumilii zivunjwe. Nyanya zipikwe na kitunguu saumu na mafuta mpaka zigande, majani ya mrihani mwishoni. Kikombe kimoja cha yale maji ya tambi kiweke kando, maana yana wanga, na ndiyo yanayoufanya mchuzi ushike. Halafu zimwage zote kwenye sinia moja, watu wazunguke, wanawe, wale kwa mkono. Sisi wa pwani hilo tunaliweza bila mafunzo. Na usidhani ni ushamba wetu: karne ya 19 maskini wa Napoli walikula tambi kwa mkono barabarani, na picha zao zimehifadhiwa mpaka leo.

Mwaka huo huo wa 1954 ilitoka Un americano a Roma, ya mwongozaji Steno. Sitakaa nayo sana. Alberto Sordi ni kijana wa Roma aliyerogwa na Marekani: kofia, mwendo, Kiingereza cha kubuni. Anarudi nyumbani usiku, mezani kaachiwa sahani ya makaroni. Anaidharau. Anajitengenezea chakula anachodhani ndicho cha Wamarekani, mkate na jemu na yogati na haradali na maziwa, anatia mdomoni, anatema, na anairudia sahani ya makaroni kwa vita. Vijana wenzangu ambao wahusika wenu wote siku hizi wanakula baga, tafuteni filamu hii. Lakini kilichonishika mimi ni kitu kidogo zaidi. Aliyepika makaroni hayo hayupo jikoni usiku huo. Amelala. Hata hivyo yupo: sahani imewekwa mahali pake, imesubiri. Kwa hiyo nisieleweke vibaya kwamba nataka kila hadithi iwe na kurasa kumi za kukatakata vitunguu. Sahani moja iliyoachwa mezani yatosha, alimradi mwandishi ajue ni nani aliyeiacha.

Tukifika kwa Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica (1948), hapo nakataa kabisa. Watu watakuambia ni filamu kubwa ya Italia, basi chemsha tambi. La hasha. Baba aliyekuwa hana kazi kaibiwa baiskeli siku ya kwanza ya kazi ya kubandika matangazo, na bila baiskeli kazi hakuna. Anazunguka Roma na mwanawe mdogo, Bruno. Katikati ya dhiki hiyo wanaingia mkahawani, wanaagiza mkate wa kukaanga wenye jibini, na meza ya nyuma kuna mtoto wa kitajiri anashushiwa sahani baada ya sahani. Bruno anageuka kumtazama. Yule anamtazama yeye. Baba anaanza kupiga hesabu ya mshahara ambao angeupata, na penseli anampa mtoto aandike.

Sasa wewe unayeangalia na sahani mapajani, unadhani umekaa kwenye meza ipi? Usiku ule sisi tuliangalia na matumbo matupu, tukala filamu ilipokwisha, na hata hapo kwa kuoneana haya. Wapo watakaosema naleta siasa katika starehe ya watu. Sawa. Lakini Lamberto Maggiorani aliyemwigiza yule baba alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji, na njaa ya uso ule haikupakwa na vipodozi. Kuna filamu za kula nazo na kuna filamu za kufunga nazo. Mwenye kuandaa usiku wa sinema asipoitambua tofauti hiyo, bora auze popcorn.

Sasa Wamarekani. Kila mtu anajua kuwa katika The Godfather (1972) Clemenza anamfundisha Michael kupika mchuzi wa watu ishirini: mafuta, kitunguu saumu, nyanya, nyanya ya kopo, usiache ishike chini, soseji na kababu za nyama ya kusaga, divai kidogo, sukari kidogo. Ni mapishi ya kweli, ukiyafuata utakula (divai sisi tuliiacha). Martin Scorsese katika Goodfellas (1990) akaenda mbele zaidi. Majambazi wako gerezani, wanapika, na mkubwa wao Paulie anakata kitunguu saumu kwa wembe, chembamba hata kinayeyuka katika mafuta. Tulilijaribu hilo. Kwa moto mdogo sana ni kweli, kinalainika mpaka karibu kitoweke. Kwa moto wa kawaida kinaungua mara moja na mchuzi unakuwa mchungu. Shangazi aliitazama mikono ya Paulie akasema, "Huyu ana wakati." Na ndiyo maana yenyewe, yuko kifungoni. Scorsese amekitumia kitunguu saumu kutuonyesha urefu wa kifungo. Ingekuwa riwaya yetu, tungeandika "siku zilipita polepole gerezani" tukaona tumemaliza kazi.

Kisha ile Jumapili ya tarehe 11 Mei 1980, karibu na mwisho. Henry Hill kachanganyikiwa na dawa za kulevya, helikopta inamfuata angani, ana bastola za kuuza, na wakati wote huo akili yake iko kwenye sufuria la mchuzi nyumbani. Amemwachia nduguye akoroge, na anamkumbusha. Mimi sijaona mahali pengine ambapo mchuzi unatia wasiwasi hivi. Utaungua? Polisi watafika kabla haujaiva? Unajikuta unauhurumia mchuzi kuliko mwenyewe.

Lakini nina ugomvi na filamu hizi mbili, na nausema wazi. Mwanamume akipika, kamera inasimama, inasogea karibu, inahesabu viungo. Mwanamke aliyepika siku nyingine zote za mwaka anapitwa kama pazia. Katika The Godfather somo la mchuzi ni la wanaume wanaojiandaa kwa vita. Wake zao walipika nini miaka yote? Scorsese angalau deni hilo alilijua. Mama anayewaamkia majambazi usiku wa manane na kuwalisha, hali mtu waliyemjeruhi vibaya yumo ndani ya buti la gari nje, ni mama yake mzazi, Catherine. Na yule mzee wa gerezani anayelaumiwa kwa kuzidisha vitunguu ni baba yake, Charles. Mapema zaidi, mwaka 1974, aliwapiga picha wazazi hao hao kwao New York katika filamu fupi iitwayo Italianamerican, na mwishoni, mahali pa majina ya waliotengeneza filamu, yanapita mapishi ya mchuzi wa mama yake. Mpishi ameandikwa pamoja na mafundi wengine wa kazi. Nilisimamisha picha nikayanakili katika daftari la riwaya, si kwa ajili ya jikoni.

Imebaki Big Night ya 1996, ya Stanley Tucci na Campbell Scott, na hii tuligombana juu yake. Ndugu wawili kutoka Italia, Primo na Secondo, wana mkahawa katika pwani ya New Jersey miaka ya hamsini, na biashara inakufa. Primo ni mpishi asiyekubali kushusha kiwango. Mteja mama mmoja ameagiza risoto, yaani wali wa Kitaliano, na juu yake anataka sahani ya spageti. Wali na tambi pamoja! Primo anawaka. Mimi nilikuwa upande wa Primo, kwani msanii hana budi kuilinda kazi yake. Shangazi alikuwa upande wa mama yule. "Kalipa," alisema. "Na ana njaa. Kwetu wali na tambi vyote vimo sinia moja siku ya sikukuu, kuna aliyekufa?" Hatukukubaliana, na hatujakubaliana hadi leo.

Karamu yenyewe ya filamu hii, iliyoandaliwa kwa ajili ya mwanamuziki Louis Prima ambaye hatokei, ina ile ngoma ya unga iliyojazwa tambi, mayai na nyama, wanaiita timpano. Watu hujiumiza kuipika nyumbani ili iende na filamu. Kwa maoni yangu wanapoteza Jumamosi yao. Timpano ni ya kuonyesha. Hata kamera inaitazama kama mgeni. Filamu iko mwishoni, asubuhi, jikoni, baada ya wageni kwenda na ndugu wawili kupigana. Secondo anavunja mayai, anatia chumvi, anapasha kikaango, anapika kimanda. Kamera imesimama, haikati, na karibu hakuna neno linalosemwa. Unasikia uma ukigonga bakuli. Jikoni humo yumo Cristiano, kijana wa kazi. Secondo anakigawa kimanda: fungu la Cristiano, fungu lake, fungu limebaki. Baadaye Primo anaingia, anapewa lililobaki, na ndugu wanakula wamewekeana mikono mabegani.

Shangazi aliomba tuirudishe nyuma. Nilidhani anataka kuwaona ndugu wakipatana. Hapana, alitaka pale kijana wa kazi anapokabidhiwa sahani yake. Tuliirudisha mara tatu, halafu akainuka akauliza nyumbani kuna mayai mangapi.